Naombeni msaada: projekti ya sayansi kuhusu woga na umri, tumekwama kwenye kupima

binti_mikindani (Mtwara)

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Mi nipo kidato cha tatu shule ya kata huku Mtwara, mimi na mwenzangu tumepewa nafasi ya kufanya projekti ya sayansi na mwalimu wetu wa baiolojia kasema ikitoka vizuri ataiombea nafasi kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania kule Dar. Wenzetu wengi wamechukua maji, mbolea, mabibo, sisi tumechukua woga.

Ilianzia nyumbani. Naishi na bibi na mdogo wangu wa miaka mitano, juzi umeme ukakatika usiku mdogo wangu akalia mpaka akatapika, na mi mwenyewe nilikuwa naogopa ila sikusema, bibi akawasha koroboi akaendelea kuchambua mchele wake kama hakuna kitu. Nikamuuliza bibi we huogopi giza? Akasema mjukuu wangu kwa umri huu nilionao niogope nini tena. Tangu siku hiyo nawaza, kwani woga unaendaga wapi mtu akikua, unaisha au unahama?

Tulivyopanga ni hivi. Makundi matano, chekechea, darasa la tatu, kidato cha kwanza na cha pili, watu wazima wa miaka 30 mpaka 45, na wazee wa 60 kwenda juu. Haipothesisi yetu ni kwamba woga unapungua kadri umri unavyoongezeka. Kupima tuliwaza tununue nyoka wa plastiki pale sokoni, tunamweka kwenye mfuko, mtu anaambiwa afungue mfuko achukue kitu, halafu fasta tunahesabu mapigo ya moyo kwa saa ya simu. Mwalimu akasikiliza akakaa kimya kidogo akasema nendeni mkafikirie tena, hakusema kosa liko wapi. Tukasema basi dodoso, lakini chekechea hawajui kusoma na bibi naye bila miwani haoni.

Hela tuliyonayo ni elfu kumi na tano na muda ni wiki sita. Naombeni mawazo yenu jamani, hasa namna ya kupima, na kama haipothesisi iko sawa.

mwl_masasi

Marahaba mwanangu na hongera kwa kuwaza. Hilo swali ulilouliza katikati, unaisha au unahama, hilo ndo projekti yenyewe, mengine yote yatalifuata.

Nianze na nyoka, muacheni hukohuko sokoni. Kwanza huku kwetu nyoka ni kweli, mtu akiona rangi tu kwenye mfuko anaweza kuruka akaangukia jiko au akakimbilia barabarani penye bodaboda, na mzee wa miaka 70 akianguka akavunjika nyonga mtamwambia nini. Pili mtoto wa chekechea hawezi kukubali kitu asichokijua, na mkimwambia kabla basi hashtuki tena, na jaribio limekufa. Mwaka 1920 kule Marekani, chuo cha Johns Hopkins, John Watson na Rosalie Rayner walichukua mtoto mchanga waliyemuita Albert, hakuwa na woga wowote na panya mweupe, wakawa kila akimgusa yule panya wanagonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, baada ya muda mtoto akawa analia akimuona panya tu hata bila kelele, akaanza kuogopa mpaka sungura. Mtoto akaondoka pale na woga wake, hawakumtoa. Nawafundisha wanafunzi wangu habari hii kila mwaka kwa sababu mtu ukishapenda swali lako sana unaweza kusahau kwamba mbele yako kuna mtoto wa mwenzio.

Na hata kama nyoka asingekuwa na madhara bado asingewapa jibu. Kushtuka siyo kuogopa. Mtu yeyote anashtuka kitu kikimtokea ghafla, hata asiyeogopa nyoka. Halafu mtu wa tatu kwenye foleni ameshaambiwa na wa kwanza.

Kuhusu haipothesisi, ni pana mno na nusu yake sio kweli. Mambo haya yameanza kuchunguzwa zamani, Stanley Hall wa Marekani alikusanya woga wa watu zaidi ya 1,700 akachapisha 1897, na kilichotajwa sana kilikuwa radi. Baadaye kina Thomas Ollendick wakatengeneza dodoso la watoto lililotoka 1983, lina vitu 80, na kila kitu mtoto anachagua jibu moja kati ya matatu tu, siogopi, naogopa kiasi, naogopa sana. Limetumika nchi nyingi, Kenya na Nigeria zimo. Picha inayojirudia ni kwamba mtoto mchanga kuanzia kama miezi 7 au 8 anaanza kuogopa sura ngeni, ndo maana yule uliyembeba ana miezi 3 akacheka leo ukimnyooshea mkono analia. Akifika miaka miwili mpaka sita inakuwa giza, wanyama, kelele kubwa, mazimwi, kuachwa na mama. Shule ya msingi zinakuja hofu za kuumia, moto, kugongwa na gari, kufa. Ujana ndo kuchekwa, kufeli, kuaibika mbele za watu. Kwahiyo idadi ya vitu anavyoogopa mtoto inapungua akikua, hiyo ni kweli, ila wakati vingine vinashuka vingine vinapanda. Ukijumlisha vyote kwenye namba moja ukasema woga umepungua, umeficha jambo lenyewe.

Andikeni haipothesisi mbili ndogo zinazoweza kukataliwa. Mfano, giza litapata alama kubwa chekechea kuliko kidato. Na kuchekwa mbele za watu kutapata alama kubwa kidato kuliko chekechea. Data zikikataa, mnaandika zimekataa, hakuna aibu hapo.

Halafu barua. Mkuu wa shule yenu aandike, mwalimu mkuu wa msingi apokee, mzazi wa kila mtoto asaini, na mwenyekiti wa mtaa ajue mnapita majumbani kuuliza nini. Majina msiandike, andikeni namba.

shangani_boy

Dada mi mwaka jana tulifanya projekti yetu na darasa la pili tukajifunza kitu, mtoto ukimuuliza kwa mdomo "unaogopa kiasi gani" anakuangalia tu au anasema sana kwa kila kitu. Mpe kitu cha kushika. Sisi tulitumia vifuniko vya soda, tumeokota bure kwenye maduka tukavichemsha, unamwekea mtoto vifuniko vitatu mbele yake unamuonyesha picha, haogopi haweki hata kimoja, anaogopa kidogo anaweka kimoja, sana anaweka vitatu. Kabla hujaanza mfanyishe mazoezi na kitu kingine, "unapenda uji kiasi gani" mpaka uone kaelewa. Bila hayo mazoezi data zetu za siku ya kwanza tulizitupa zote.

Msitumie korosho mbichi za ganda hata kama ndo ziko kibao nyumbani, mtoto akiing'ata yale mafuta ya ganda yanababua mdomo.

Picha mchore wenyewe kwenye makaratasi magumu, hata maboksi ya biskuti, kadi kumi zinatosha. Na muzichanganye kama karata kila mtu mpya anapokaa, maana kadi ya kwanza watu huwa wanaweka vifuniko vingi halafu wanachoka.

binti_mikindani (Mtwara)

Asanteni sana, mwalimu asante, nyoka tumemfuta na nimeona kwanini. Vifuniko nimevipenda sana. Nauliza, na mapigo ya moyo je tuyaache kabisa? Mwenzangu anasema bila kupima kitu cha mwili majaji watasema hii sio sayansi ni maswali tu.

nesi_nachingwea

Habari zenu. Mwanangu mapigo ni mazuri ila kwa swali lako yatakudanganya, ngoja nikueleze nisije nikakuacha njia panda.

Mapigo ya mtoto na ya mtu mzima hayalingani hata wakiwa wamekaa wametulia. Mtu mzima ni 60 mpaka 100 kwa dakika, mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa na 100 au 110 akiwa anachezea tu mchanga hana habari. Ukichukua namba hizo ukaziweka kwenye grafu utaona mtoto "anaogopa" kuliko wote wakati ni moyo wake mdogo tu unafanya kazi yake. Ungelazimika kupima kwanza akiwa ametulia, kisha tena wakati wa jambo lenyewe, na kutumia tofauti. Sasa upande wa wazee, wengi wana presha, kuna dawa kama atenolol na propranolol kazi yake ni kushusha mapigo, huyo mzee hata akiogopa kweli moyo hautapanda sana. Na huwezi kumuuliza kila mzee wa mtaani anatumia dawa gani, hiyo ni siri yake. Ongeza jua, ongeza aliyetembea kutoka kisimani, aliyekunywa kahawa, homa ya malaria. Mambo mengi mno kwa wanafunzi wawili.

Mwambie mwenzio kwamba maswali ni sayansi kama yameulizwa kwa namna moja kwa kila mtu na majibu yamehesabiwa. Hata sisi wodini maumivu tunapima kwa kumuuliza mgonjwa, watoto tunawaonyesha sura zilizochorwa, inayocheka mpaka inayolia, wanagusa. Hakuna mashine ya maumivu, na woga ni hivyohivyo.

Kitu kingine nilichoona kazini miaka yote hii, wazee wana hofu zao ila huzisikii kwa sababu hamuwaulizi zinazowahusu. Kadi zenu zikiwa giza, mbwa, radi, zimwi, mtihani, mzee ataweka sifuri zote na mtaandika wazee hawaogopi. Wekeni kadi ya kuanguka. Mzee aliyewahi kuteleza chooni usiku anabadilisha maisha yake yote, haendi msibani, hatembelei wanawe, anakunywa maji kidogo ili asiamke usiku, kisa hofu ya kuanguka. Wekeni kuugua, wekeni kukosa wa kukuangalia. Na kadi hizohizo waonyesheni na watoto, kila kundi lione kadi zote.

Mtoto akianza kulia au akigeuka simamisheni hapohapo na msimbembeleze amalizie. Na kadi ya mwisho kwa kila mtu iwe kitu kizuri kisichohesabiwa, kuku na vifaranga vyake, mtoto aondoke nayo hiyo.

bwanashamba_mstaafu (Lindi)

Nimesoma mpaka hapa nimependa, niongeze upande wa Lindi maana naona mnaongelea giza kama vile ni woga wa kitoto.

Nilizunguka vijiji vya huku miaka mingi kazini. Wakati wa mavuno watu walikuwa wanalala shambani kwenye dungu kulinda mahindi na mpunga na nguruwe pori, na simba wanawafuata nguruwe. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha 2005 kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa iliyoumia zaidi, na wakaonyesha huo uhusiano wa nguruwe pori na dungu. Halafu 2011 wakatoa nyingine, wamepanga mashambulizi kwa tarehe za mwezi, ikaonekana mengi yanatokea jioni, kuanzia jua linapozama mpaka kama saa nne usiku, na yanazidi siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu, kwa sababu siku hizo mwezi unachelewa kutoka na zile saa za mwanzo za usiku, watu bado wako nje, zinakuwa giza totoro. Simba naye ametoka siku za mbalamwezi ambazo kuwinda ni shida, ana njaa. Wazee wa vijijini walikuwa wanawaita watoto ndani mapema na hawakuhitaji grafu ya mtu.

Sasa sikia ninachotaka kukuambia binti. Ukimkuta mzee wa Mchinga au wa Rondo anaogopa giza na mtoto wa Shangani mwenye umeme haogopi, utasema woga wa giza unaongezeka na umri? Huyo mzee haogopi kwa sababu ana miaka 65, anaogopa kwa sababu aliyaishi hayo. Umri na kizazi vinatembea pamoja na ukipima siku moja huwezi kuvitenganisha kirahisi. Mfano mwingine, kimbunga. Wazee wachache waliobaki Lindi mjini bado wanakitaja kimbunga cha 1952. Wewe binti, Aprili 2019 kilipokuja Kenneth ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, bila shaka unakumbuka watu wa Mtwara wanaambiwa wahame kandokando ya bahari, shule zimefungwa, kisha kikapiga Msumbiji upande wa Cabo Delgado. Mdogo wako wa miaka mitano hakuwepo duniani. Ukiweka kadi ya upepo mkali ukaona kidato wana alama kubwa kuliko chekechea, ni umri ule au ni Kenneth? Na akina Newala na Tandahimba kule mpakani, waliokuwa watoto enzi za vita ya Msumbiji 1964 mpaka 1974, wana masikio mengine kabisa wakisikia ndege.

Hutalimaliza tatizo hili kwa wiki sita, hata wakubwa linawasumbua, njia ya kweli ni kumfuata mtu yuleyule miaka na miaka. Ila liandike kwenye ripoti yako kwa maneno yako, na mtu akikuuliza pale Dar umjibu. Na uchague watu wa sehemu moja, wote Mikindani, usichanganye wa mjini na wa shamba.

dada_wa_newala

Bwana shamba umesema kweli tupu. Bibi yangu mpaka leo ndege ikipita chini anaingia ndani kimyakimya halafu anatoka kama hakuna kilichotokea.

Mdogo wangu binti_mikindani mi nasoma saikolojia chuo, nataka nikuambie kuhusu neno lenyewe kwa sababu naona hakuna aliyeligusa. Kiswahili chetu "kuogopa" kina kazi mbili. Ukimuuliza mtoto unamuogopa nani atasema baba, au mwalimu, na mzee atakuambia mi namuogopa Mungu tu. Hapo ni heshima na utii, au heshima iliyochanganyika na fimbo, sio sawa na kuogopa mbwa. Ukijumlisha na mengine umechanganya mchanga na sukari. Kwahiyo usiulize swali la wazi "unaogopa nini", uliza kwa kadi, "ukikutana na hiki moyo unakwenda mbio au unatulia?" Halafu jaribu swali kwa watu wachache kabla, waeleze kwa maneno yao wameelewa nini. Mzee ambaye Kimakonde ndo lugha yake mtafute mtu wa nyumbani atafsiri, lakini awe mtu huyohuyo kwa wazee wote na atumie maneno yaleyale.

Pili, nani yupo pembeni. Mtoto akiulizwa mbele ya mwalimu wake anajibu la kumfurahisha mwalimu. Kijana wa kiume wa kidato mbele ya wenzake hataweka kifuniko hata kimoja, na pengine mbele yako wewe msichana pia hataweka. Kwenye madodoso mengi wasichana wanaonekana kuogopa kuliko wavulana, na sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba mvulana amefundishwa asiseme. Kwa kidato tumieni bahasha, anachukua kadi anakwenda pembeni anaweka vifuniko ndani ya bahasha yenye namba anafunga anatumbukiza kwenye boksi, hata nyie hamjui ni wa nani. Ila kama mnafanya hivyo kwa kidato fanyeni na kwa watu wazima, watoto wadogo ndo hawawezi.

Tatu hili nilitaka kulisema taratibu. Huku kwetu katikati ya hayo makundi yenu kuna jando na unyago. Mtoto ambaye hajaingia anaogopa lipiko, yule mchezaji wa ngoma aliyevaa kinyago, likitokea uwanjani mpaka anajificha nyuma ya mama, mtoto wa kiume akishatoka jandoni hajifichi tena, na anaweza kuwa na miaka 8 au 13, inategemea familia. Hapo kilichobadilisha woga ni alichofundishwa, miaka yenyewe haina kazi kubwa. Msiulize kilichotokea huko ndani, hakiulizwi na sio chenu. Ila kwenye fomu unaweza kuweka mstari mmoja tu, amepita au hajapita, na mtu asiyetaka kujibu aruke. Hata hivyo ukiona mwalimu wako hajapenda acha, na kadi ya lipiko usichore.

Kuhusu tatizo la bwana shamba kuna ujanja mdogo, hautibu ila unasaidia. Waulize wazee mara mbili kwa kadi zilezile, mara ya kwanza "sasa hivi", mara ya pili "ulipokuwa na umri wa mtoto wa darasa la tatu". Halafu linganisha utoto wa wazee na darasa la tatu wa leo. Zikifanana sana una dalili kwamba ni umri. Zikitofautiana sana inaweza kuwa kizazi, au kumbukumbu, maana mtu mzima anaukumbuka utoto wake kwa namna anayotaka, kwahiyo usitoe hukumu kubwa.

Idadi, watu 20 kila kundi ni 100, ukitumia dakika kumi kwa mtu ni dakika 1,000, kama masaa 17. Wawili kwa wiki sita mnaweza bila kuacha masomo, ila msianze siku za mnada wa korosho watu wazima hamtawapata.

binti_mikindani (Mtwara)

Nimerudi. Samahanini nimekaa kimya siku nne tulikuwa tunachora. Tumechora kadi kumi, giza, mbwa, radi, upepo mkali, zimwi, mtihani, kuchekwa mbele ya watu, kuanguka, kuugua, na moja ya mtu amebaki peke yake ndani ya nyumba mlango umefungwa. Hiyo ya mwisho tuliichora kwa ajili ya chekechea, mtoto kaachwa na mama. Na kuku na vifaranga wake.

Jana nikafanya jaribio la mwanzo nyumbani kama dada wa Newala alivyosema. Mdogo wangu kwenye uji kaelewa mara moja, kwenye giza akaweka vifuniko vitatu akaomba na vingine, kwenye mtihani akauliza ni nini. Kwenye ile ya peke yake vitatu. Kwenye kuanguka hakuweka hata kimoja, na kweli anaanguka kila siku.

Kisha nikakaa na bibi, nikamwambia bibi sikuulizi unaogopa nini nakuonyesha picha tu. Giza sifuri, mbwa sifuri, zimwi akacheka. Mtihani sifuri. Kuanguka akaweka viwili, nesi ulisema kweli, wala sikuwahi kujua. Halafu nikamuonyesha ile ya mtu kabaki peke yake ndani ya nyumba. Akaishika muda, akaweka vitatu, akaniuliza ukienda chuo utakaa miaka mingapi. Sikujua nimjibu nini nikamuonyesha kuku.

Kwahiyo kadi moja mdogo wangu kaweka vitatu na bibi kaweka vitatu. Kwangu mimi nilipojiwekea nilipata kifuniko kimoja. Najua ni watu watatu tu na sio data. Ila nimeiona picha ya mstari unaoshuka halafu unapanda tena, na hata kama hautatokea kwa watu 100 nimefurahi kwamba tunaweza kuukuta kama upo, kwa nyoka wa plastiki tusingeukuta.

Maswali mawili yamebaki. Moja, kadi hiyo mtoto anaona mama kaondoka na bibi anaona watoto wameondoka, je bado ni kitu kimoja nikiweka kwenye grafu moja? Mbili, grafu iwe ya mistari au ya nguzo?

dada_wa_newala

Weka kwenye grafu moja lakini chini ya kadi waandikie nafasi ya sentensi moja, "umeona nini kwenye picha hii?", kila mtu aseme na nyie muandike alivyosema. Kwenye ripoti utaonyesha alama zinafanana na maneno yanatofautiana. Na bibi kama atakubali asiwe kwenye wale 20, ameshaona kadi.

mwl_masasi

Nguzo. Mstari unaunganisha chekechea na darasa la tatu kana kwamba ni mtoto yuleyule amekua, na nyie mmepima watu tofauti siku moja. Kila kadi na grafu yake, nguzo tano, wastani wa vifuniko kwa kila kundi. Kipimo cha pembeni kianzie sifuri kiishie tatu kwenye grafu zote kumi ili mtu aweze kulinganisha kwa macho.

Na leo jioni umjibu bibi swali lake.